Lenzi Pana kwa Nchi Tambarare: Ya Kuangalia Kabla ya Kwenda Garissa

Mtu akisema anakwenda Garissa kupiga picha, jambo la kwanza analoambiwa ni atafute lenzi pana. Ushauri huo si mbaya, ila mara nyingi hutolewa kwa sababu isiyo yake. Watu hufikiri hivi: Kaskazini Mashariki ni nchi tambarare, macho hayana kinachoyazuia, basi inafaa lenzi itakayoimeza nchi yote ile kwa mkupuo mmoja. Na ukitoka Nairobi kwa barabara ya Thika, ukapita Mwingi na kuanza kuteremka kuelekea Mto Tana, safari ya kilomita 370 hivi, dhana hiyo inazidi kukuingia. Vilima vinabaki nyuma, vichaka vya miiba vinatanda pande zote, na mbingu inaonekana kubwa kuliko ardhi.

Sasa shuka garini upige picha hiyo kwa lenzi ya milimita 16. Utapata anga, kisha mstari mwembamba wa vichaka, kisha changarawe ya kando ya barabara. Kile kilichokustaajabisha ulipokuwa dirishani hakimo. Lenzi pana huvisukuma mbali vilivyo mbali na kuvikuza vilivyo karibu, na katika nchi isiyo na mlima wala mnara, vilivyo mbali vyote ni vidogo tayari. Ukivisukuma tena, vinapotea.

Chukua mfano wa twiga. Pale Bour-Algi, kilomita chache kusini mwa mji wa Garissa, kuna hifadhi ya jamii ya twiga wa Kisomali, wale wenye madoa yaliyochorwa kwa mistari myeupe iliyonyooka. Twiga mwenye kimo cha mita 5, akiwa umbali wa mita 100 kutoka kwako, atachukua sehemu moja kati ya thelathini ya kimo cha picha yako kama umetumia milimita 16 kwenye kamera ya fremu kamili. Hiyo ni alama ya wino tu. Kwa milimita 200, twiga huyo huyo atajaza karibu nusu ya picha. Hirola, yule swala adimu wa Ijara anayelindwa katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, ni mdogo na mwoga zaidi. Basi kama wanyama pori ndio wanaokupeleka huko, weka makala haya kando utafute lenzi ndefu.

Lenzi pana Kaskazini Mashariki ni ya kusogelea. Kazi yake iko pale ambapo watu, mifugo na vitu vimebanana, nawe umo katikati yao: sokoni, ndani ya nyumba, kwenye ukingo wa kisima, ndani ya basi. Ukilikubali hilo, vigezo vya kuichagua vinabadilika. Swali la kwanza linakuwa inafika mpaka milimita ngapi upande wa juu, na swali la namba ndogo kabisa linarudi nyuma.

Nenda soko la mifugo la Garissa siku ya Jumatano asubuhi. Ni mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo nchini, na kufikia saa mbili limekwisha kufurika: ng'ombe upande mmoja, ngamia upande mwingine, mbuzi weupe na kondoo wa kichwa cheusi wamefungwa makundi makundi, wachungaji wanapiga mluzi, na malori ya kwenda Nairobi yanarudi kinyumenyume. Hapo huna mita kumi za kurudi nyuma. Huna hata tatu. Ukiwa na lenzi ya milimita 50 utapata pua ya ng'ombe au bega la mtu. Ukiwa na ya 16 mpaka 35, mita 1 mbele yako inakupa upana wa mita 2 na robo ukiifungua kabisa, na mita 1 ukiivuta mpaka mwisho. Tofauti hiyo ndiyo kazi yote ya siku.

Kuna jambo moja sokoni ambalo ningependa kila mpiga picha alitazame kwa utulivu kabla hajainua kamera. Katika biashara ya mifugo ya Wasomali, dalali na mnunuzi hushikana mkono, mikono ikafunikwa kwa shuka au kitambaa, na bei ikasemwa kwa vidole. Anayeminya kidole anataja kiasi. Waliosimama karibu hawaambulii kitu, ila hawaondoki, na kila mmoja anaisoma sura ya mwenzake. Picha ya tukio hilo ina sehemu tatu: kitambaa chenye mikono chini yake, nyuso mbili zinazojifanya hazina habari, na duara la watazamaji. Kwa milimita 16 watazamaji watajaa lakini mikono itakuwa midogo na aliye pembeni atavutika kichwa. Kwa 50 utapata mikono peke yake. Picha inakaa sawa kati ya 24 na 35, nawe umesimama kama mmoja wa wale watazamaji, mita moja na nusu hivi kutoka kwenye kitambaa.

Ndiyo maana siwashauri wasafiri wanunue zumu za 14 mpaka 24, hata zikisifiwa namna gani. Nikon AF-S 14-24mm f/2.8 iliyotoka mwaka 2007 ni lenzi iliyoheshimiwa dunia nzima, na ilistahili. Lakini ina uzito wa kilo 1, kioo chake cha mbele kimetuna kiasi kwamba hakipokei filta ya kuskurubu, na inaishia pale ambapo picha za sokoni zinaanzia. Utalazimika kuibadilisha kila baada ya dakika chache, na kubadilisha lenzi katikati ya soko la mifugo ni kukialika kinyesi kilichokauka kiingie kwenye kihisi cha kamera.

Kabla ya kuendelea, tuwekane sawa kuhusu namba, maana wauzaji wengi hawazifafanui. Milimita ninazotaja hapa ni za kamera ya fremu kamili, yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24. Kamera nyingi tulizo nazo, kama Canon za daraja la kati na la chini na Nikon za familia ya D3000 na D5000, zina kihisi kidogo zaidi. Kwa Canon hizo zidisha namba ya lenzi kwa 1.6, kwa Nikon, Sony na Fujifilm zenye kihisi kidogo zidisha kwa 1.5. Basi ile lenzi ya 18 mpaka 55 iliyokuja na kamera inaanzia kama 27 au 29 hivi. Ni pana kiasi, na kwa sokoni inakaribia kutosha. Usidharau ulicho nacho. Panapoishinda ni ndani ya nyumba na ndani ya gari, na hapo ndipo lenzi ya 10 mpaka 18 inapolipa pesa yake, kwa kuwa inafanya kazi ya 16 mpaka 29.

Fremu kamili ikiwa na milimita 16 inaona pembe ya digrii 107 kutoka kona hadi kona. Kwa 24 ni 84, kwa 35 ni 63. Ukitazama hesabu hiyo utaona kwamba milimita chache za upande mpana zina uzito mkubwa: kutoka 16 kushuka 14 unapata digrii 7 zaidi. Ni nyingi. Lakini jiulize digrii hizo 7 utazijaza nini. Mjini Mombasa, kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, ningekuwa na jibu. Kwenye uwanda wa kati ya Garissa na Modogashe zitajaa anga.

Pana mahali pamoja ambapo 16 ni halali yako kabisa, nalo ni ndani ya aqal, ile nyumba ya wafugaji ya kuba inayojengwa na wanawake kwa fito zilizokunjwa na kufunikwa mikeka. Ukiingia unainama. Ukikaa, ukuta wa nyuma uko mita moja na nusu au mbili mbele yako, na mwanga unaingia mlangoni na kwenye matundu ya mkeka kama vijiti vyeupe. Hapo lenzi pana inakupa kuba, fito, vyombo vya maziwa vilivyotundikwa na mama aliyekaa, vyote kwa pamoja. Mweke mama karibu na katikati ya picha. Mtu akiwa kwenye kona ya milimita 16, uso wake unavutwa upande kama umeshikwa na mkono, na hakuna mtu anayeshukuru kupigwa picha ya namna hiyo. Fito zilizopinda, kwa upande mwingine, zinapendeza zikiwa kwenye kingo, kwa sababu zimepinda tayari na upindaji wa lenzi unapotelea humo.

Usishike kamera ukiielekeza juu au chini bila sababu. Lenzi pana ikiinamishwa, nguzo na minara hulala. Msikiti wa mjini ukiupiga kwa kuinua kamera, mnara unaelekea kuanguka kwa nyuma. Rudi nyuma, weka kamera wima kabisa, kisha kata sehemu ya chini ya picha baadaye.

Visima vya Wajir ni kinyume chake. Huko maji hayako mbali sana chini ya ardhi, na visima vya kuchota kwa mkono vimeulisha mji huo na mifugo yake tangu zamani. Ukipewa ruhusa ya kusimama ukingoni, inamisha lenzi makusudi. Kamba inaanzia chini ya kidevu chako na kuishia gizani, na mtu anayechota anaonekana ana mikono mirefu yenye nguvu. Upotoshaji ule ule ulioharibu uso wa mama unaijenga picha hii.

Sasa suala la f/2.8 au f/4, ambalo ndilo linalokula pesa za watu. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga maradufu ya ile ya f/4. Canon EF 16-35mm f/2.8L ya tatu, ya mwaka 2016, ilitoka kwa dola 2,199 na ina gramu 790. Ndugu yake wa f/4, wa mwaka 2014, alitoka kwa dola 1,199, ana gramu 615, na ana kitulizi cha mtikisiko ambacho yule wa bei ghali hana. Kwa Garissa nachukua f/4 bila kusita. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, shida yako ni mwanga kuzidi. Ndani ya aqal, ambako mama amekaa kwa utulivu, kitulizi kinakusaidia kupiga kwa shata ya polepole, na kamera za miaka kumi iliyopita hii zinahimili ISO 3200 bila kulalamika.

Kinachoweza kuitetea f/2.8 ni usiku. Mbali na taa za miji, anga la Kaskazini Mashariki lina nyota za kukufanya usahau kulala, na kwa nyota mwanga maradufu ni jambo kubwa kweli. Lakini tuseme ukweli: usalama wa eneo hili hauruhusu mgeni atembee nyikani usiku akiwa na taa na stendi ya kamera ya miguu mitatu. Ukiwa na wenyeji wako ndani ya boma lao, piga nyota. Usinunue lenzi ya kazi ambayo huenda usiku usikuruhusu kuifanya. Jioni za Ramadhani mjini, sahani za tende na sambusa zikipangwa kabla ya adhana, taa za maduka zinatosha kwa f/4.

Jua la hapa lina tabia zake. Garissa iko chini kidogo ya ikweta, na mwishoni mwa Machi na Septemba saa sita mchana jua linasimama utosini kabisa. Vivuli vinakaa chini ya miguu, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi, na mbuzi weupe wanaungua kwenye picha mpaka manyoya hayaonekani. Punguza mwanga kidogo kwa kuwafuata mbuzi, giza utalirekebisha baadaye. Weupe uliokwisha kuungua haurudi. Jioni nayo ni fupi. Jua linazama karibu wima, na ule mwanga wa dhahabu ambao vitabu vya Ulaya vinauita saa nzima, hapa uupe dakika ishirini au thelathini. Uwe umeshapanga pa kusimama.

Filta ya kuongeza buluu ya anga, ile ya kuzungusha, iache nyumbani au itumie kuanzia milimita 28 kwenda juu. Kwenye lenzi pana anga linatoka na doa jeusi upande mmoja na weupe upande mwingine, maana filta hiyo haifanyi kazi sawa kwa kila pembe ya jua. Na katika nchi ambayo nusu ya picha ni anga, doa hilo halifichiki.

Filta ya kawaida ya kinga, hiyo usiiache. Hapa nafika kwenye adui mkubwa wa lenzi Kaskazini Mashariki, ambaye ni vumbi. Mwezi wa Juni mpaka Septemba upepo unavuma kwa nguvu. Januari mpaka Machi, wakati ambao Wasomali wanauita jilaal, ardhi imekauka na kila gurudumu linainua wingu. Vumbi lake ni laini kama unga wa ngano na linapita mahali ambapo hukudhani pana nafasi. Unapochagua lenzi, izungushe zumu dukani utazame kama inarefuka. Lenzi inayotoka na kurudi huvuta hewa, na hewa huja na ilichonacho. Tamron 17-28mm f/2.8 ya Sony, yenye gramu 420, hairefuki inapozumu. Sony 16-35mm f/4 ya mwaka 2022, ya gramu 353 tu, nayo hairefuki. Canon 16-35 f/4 niliyoitaja urefu wake haubadiliki, ila kioo cha mbele kinasogea ndani ya bomba, na Canon wenyewe wanasema kinga yake dhidi ya vumbi haikamiliki mpaka ufunge filta mbele. Nikon Z 14-30mm f/4 inafunguliwa kwa kuzungushwa kabla ya kutumika, lakini ina mpira wa kuzuia vumbi, haizidi gramu 500, na licha ya upana wake inapokea filta ya kawaida ya milimita 82. Katika zote za Nikon hiyo ndiyo ningesafiri nayo.

Funga lenzi moja asubuhi, uifungue usiku chumbani feni ikiwa imezimwa. Beba pampu ndogo ya mpira ya kupulizia na usipulize kwa mdomo, maana mate yakikaukia kwenye kioo ni shida ya pili. Ukifuta, puliza kwanza. Chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa inachora mstari usiotoka. Kamera isiyotumika ikae ndani ya mfuko wa plastiki, kisha ndani ya shuka, kisha ndani ya begi. Na begi lisiachwe kwenye gari lililofungwa vioo juani. Joto la Garissa hupita digrii 35 kwa siku nyingi za mwaka, na ndani ya gari ni tanuri.

Kuhusu kulenga fokasi sokoni, kuna ujanja wa zamani ambao lenzi pana inauruhusu. Ukiwa kwenye milimita 16 na f/8, weka fokasi mita 1 kisha uzime kulenga kwenyewe. Kila kitu kutoka nusu mita mpaka upeo wa macho kitakuwa safi kwa kiwango cha kutosha. Kwa milimita 24 weka mita 2 na nusu, na usafi utaanzia mita 1 na robo hivi. Mbuzi anapokatiza, kamera haihangaiki kumfuata, nawe hukosi uso wa mzee aliyekuwa anacheka. Ndiyo sababu ningependa lenzi iwe na alama za umbali kwenye bomba lake. Nyingi za kisasa hazina, na ni hasara.

Lenzi pana itakupeleka karibu na watu, na Kaskazini Mashariki kusogea na kamera si jambo dogo. Eneo hili lilifungwa na wakoloni kama wilaya ambayo mtu haingii bila kibali. Likapita kwenye vita vya shifta baada ya uhuru. Likaishi chini ya sheria za hali ya hatari mpaka 1991. Mauaji ya Wagalla ya Februari 1984 hayajasahaulika Wajir. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Mwenyeji akikuuliza picha ni za nini na zinakwenda wapi, ana haki ya kuuliza, na jibu la "ni za kwangu tu" halimtoshi. Salimu kwanza kwa salamu kamili, kaa, kunywa chai, sema umetoka wapi na nani amekuleta. Mwite mzee adeer, na mama umwite mama. Mwanamume asimwelekezee mwanamke kamera bila ruhusa yake mwenyewe na ya watu wake, hata akiwa sokoni anauza maziwa hadharani. Watakaokubali ni wengi kuliko unavyodhani, na wengine wakikataa, shusha kamera kabisa. Usipige kutoka kiunoni. Lenzi pana inampa mtu tamaa ya kuiba picha kwa kujifanya anatazama kwingine, na wenyeji wameshaujua mchezo huo.

Daraja la Tana, vizuizi vya polisi, kambi za jeshi na viwanja vya ndege havipigwi picha. Dadaab, ambako kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera ziko tangu miaka ya mwanzo ya 1990, unahitaji ruhusa ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi kabla hujatoka Nairobi. Droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hata ukiwa nacho, mweleze chifu na polisi wa eneo kabla haijapaa.

Nataja droni kwa sababu picha iliyoipeleka Kaskazini Mashariki mbele ya macho ya dunia katika ukame wa 2021 ilipigwa kutoka angani. Desemba mwaka huo, mpiga picha Ed Ram aliwapiga picha twiga sita waliokufa katika hifadhi ya Sabuli, Wajir, baada ya kukwama kwenye tope la bwawa lililokuwa linakauka. Miili imelala kwenye mchanga kama imepangwa. Angesimama chini na lenzi pana, angepata mzoga mmoja mkubwa mbele na mingine ikijificha nyuma yake. Upana wa picha ile umetokana na kimo. Nasi tusio na droni tunaweza kukopa kidogo: panda juu ya tangi la maji, juu ya paa la duka, juu ya lori la mifugo dereva akikuruhusu. Mita 3 za kimo katika nchi tambarare zinaleta mabadiliko makubwa kuliko milimita 4 za lenzi, na hazina bei.

Ukinunua lenzi iliyotumika, kama wengi wetu tunavyofanya kwenye maduka ya katikati ya Nairobi, nenda na tochi. Ifungue lenzi, imulike kutoka nyuma, utazame kutoka mbele kwa mshazari. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, na hasa lenzi zilizokaa Pwani huwa nazo. Usizinunue hata kwa bei ya kutupa. Vumbi kidogo ndani halina neno. Mkwaruzo kwenye kioo cha mbele hauonekani sana pichani, wa kioo cha nyuma unaonekana. Kisha piga picha ya ukuta wa matofali ukiwa umesimama sambamba nao, kwa f/4 na kwa f/8, kwa kila mwisho wa zumu, halafu kuza kona zote nne. Kona moja ikiwa na ukungu na tatu ziko safi, huenda lenzi iliwahi kuanguka. Pitisha kidole kwenye meno ya filta: yakiwa yamebonyea, hadithi ni ile ile. Mwenye duka asipokuruhusu kufanya hayo, duka si moja.

Wenye Nikon za zamani mjihadhari. Ile AF-P DX 10-20mm ya mwaka 2017 ni nyepesi, gramu 230, na ni nafuu, lakini haifanyi kazi na D90, D7000, D3100 wala D5100. Inaingia kwenye kamera vizuri kabisa, halafu hailengi. Wenye Canon za kihisi kidogo wana bahati zaidi: EF-S 10-18mm ya mwaka 2014 ilitoka kwa dola 299, ina gramu 240 na kitulizi, na inakubaliana na Canon zote za kioo za kihisi kidogo tangu ile ya 300D. Haina kinga ya vumbi hata kidogo, bomba lake ni la plastiki, na tundu lake ni dogo. Kwa bei hiyo nayasamehe yote matatu, mradi uivalishe filta na kuifunga shuka.

Kabla hujatoa pesa, kodi. Nairobi kuna wanaokodisha lenzi kwa siku, na siku mbili ukizunguka Gikomba au Kariokor na 16-35 zitakuambia kama wewe ni mtu wa kusogea au wa kusimama mbali. Tazama picha zako, angalia umetumia milimita ngapi. Kama nyingi ziko 30 mpaka 35 na umekuwa ukitamani zaidi, huhitaji lenzi pana: nunua 24-105 ya f/4, au kwa wenye Sony, 20-70mm f/4 ya mwaka 2023, na uende nayo peke yake. Kama nyingi ziko kati ya 16 na 28, basi jibu umelipata.

Mwenye kamera ya fremu kamili na pesa ya lenzi moja, nunua 16-35 ya f/4 iliyotumika na kutunzwa. Mwenye kihisi kidogo, nunua 10-18 au inayolingana nayo na ubaki na ile 18-55 yako. Tofauti ya bei kati ya hizo na zile za f/2.8 iweke kwenye nauli, malazi ya siku kadhaa za ziada, na posho ya kijana wa pale pale Garissa atakayekutembeza sokoni na kukutambulisha kwa madalali.